Ukimya wa Nyumba Mbili

Kabiro, Kawangware
Jumapili, 4 Mei 1997

Kwako Mama Timothy,

Pokea salamu zangu kwanza, kushangaa utashangaa baadaye. Natumai mguu wako uliokuwa umevimba siku ya mazishi umepona, na hapo Makina mko salama. Mimi mwili ni mzima. Kula nakula, kazi ya kufulia watu nguo naenda, na malaria ya mwezi wa tatu ilipita.

Najua hukutarajia barua yangu. Miaka yote tumeolewa na mtu mmoja na hatujawahi kuandikiana hata mstari. Tangu tumzike Nicanor Januari hatujasemezana. Pale kaburini wewe ulisimama upande wa kichwa, mimi upande wa miguu, na tukarudi Nairobi kwa mabasi tofauti. Kimaragoli changu hukijui na Kijaluo chako kilinishinda, basi nakuandikia kwa hiki Kiswahili chetu cha mjini.

Mama Timothy, nyumba imenishinda. Nikifunga mlango tu, masikio yanavuma. Redio naiwasha kabla sijanawa uso na haizimwi mpaka betri zife. Zikifa naenda kukaa kwa Wagaki, jirani yangu wa ukuta, mpaka aanze kupiga miayo ya kunifukuza. Naongea na sufuria. Juzi nilijikuta nikimwuliza Nicanor kama anataka chumvi.

Halafu kuna Phanuel, mdogo wake marehemu. Unamjua. Kila Jumapili anakuja, anakaa kwenye kiti cha Nicanor, ananikumbusha kwamba mila ya kwenu inajulikana, mjane haachwi hivi hivi, na yeye yuko tayari kunirithi. Ana mke nyumbani, na mimi simpendi. Lakini akishatoka, nyumba inarudi vilevile, na mimi nabaki nikitamani arudi. Niko karibu kukubali, na si kwa ajili yake. Ni kwa ajili ya kuiogopa hii nyumba.

Sasa Khaemba, fundi wa vitanda, anaishi ploti yetu lakini karakana yake iko huko kwenu. Anasema kila alasiri anakuona umekaa mlangoni, hakuna redio, hakuna mtu, na uso umetulia. Nimemwuliza mara nyingi kama ana hakika ni wewe. Nimempa yeye barua hii akuletee. Niambie unafanyaje. Kama ni dawa, itaje. Kama ni maombi, niambie ni zaburi ya ngapi.

Mke mwenzako,
Mideva


Makina, Kibera
Jumapili, 11 Mei 1997

Mideva,

Salamu zimefika, na mimi nakusalimu. Mguu umepona, ahsante kwa kuukumbuka. Huku tuko, isipokuwa vumbi.

Barua yako niliiweka chini ya sahani, nikawa naipita. Nilijiambia huyu hana haya, ananiandikia mimi kuhusu upweke. Lakini ile habari ya chumvi ilinirudisha. Mimi nilimwuliza kama amefunga geti, na hapa hatuna geti. Mageti yote aliyoyafunga yalikuwa ya watu, huko kazini kwake.

Dawa hakuna. Zaburi pia hakuna, ingawa zaburi ni nzuri. Mimi nauza dagaa wa omena kando ya barabara ya msikiti. Alasiri, muadhini akianza, wenye maduka hapa hupunguza redio zao, hata wale wasioswali. Ni muda mdogo tu. Mimi ni Mwanglikana na nitakufa Mwanglikana, lakini ule muda niliuona unapita bure nikauchukua. Nafunika omena, nakaa kwenye stuli mlangoni, mikono naiweka mapajani. Majirani wanaenda kuswali na mimi nakaa. Zamani nilikuwa nainuka kabla hawajarudi. Siku hizi wanarudi wananikuta.

Kichwani mambo yatakuja mengi. Yaache yapite kama watu wa njiani. Humfuati kila mpita njia kumwuliza anaenda wapi.

Wewe anza na maharagwe. Siku ukichagua maharagwe, zima redio. Ukimaliza, iwashe. Hilo tu, usijifanye mtawa siku ya kwanza.

Phanuel mwambie angoje. Usimjibu ukiwa bado unaiogopa nyumba. Ukishaacha kuiogopa, mjibu upendavyo, na mimi sitakuuliza ulimjibu nini.

Na usije huku. Watu wa Makina wana macho, wakituona pamoja watasema tunagawana nguo za marehemu. Karatasi inatosha.

Ni mimi,
Adero, wa nyumba kubwa


Kabiro, Kawangware
Jumapili, 1 Juni 1997

Kwako Mama Timothy,

Salamu kutoka kwa mtu aliyeombewa. Natumai biashara ya omena inakwenda na mvua haikukulowanisha. Mimi ni mzima, ila sauti imekauka kwa sababu nitakayokueleza.

Maharagwe nilichagua. Mara ya kwanza nililia juu yake mpaka sikuhitaji kuyaosha. Mara ya pili nilifika nusu, nikawasha redio. Mara ya tatu nilimaliza yote, na nikaona fahari, nikasema sasa nimehitimu, nitakaa mlangoni kama Mama Timothy.

Kosa langu ni moja. Wewe ulisema kukaa, mimi nikafikiri ni kufunga mdomo kabisa. Kwa hiyo nikakaa mlangoni, na kila aliyepita akisema niaje, mimi namtazama tu. Wagaki akanisalimia, kimya. Mwenye ploti akaniuliza habari ya kodi, kimya, na hiyo ilimshangaza kuliko yote kwa sababu nilikuwa nimeshalipa. Siku ya tatu Wagaki akaenda kwa Nasipwondi, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, akamwambia Mideva ameingiwa na pepo bubu.

Walikuja Jumamosi na ngoma na chupa ya mafuta. Walijaa chumbani, wengine wakabaki nje. Nasipwondi akaniwekea mkono kichwani, akaamuru yule pepo anitoke kwa jina la Bwana. Mimi nilikuwa nataka kueleza, lakini nikiangalia zile nyuso na ile ngoma mlangoni, kicheko kikanishinda. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Wao wakashangilia, wakasema ametoka, wakaimba mpaka jioni, wakala yale maharagwe yangu yote.

Sasa kila mtu ploti hii ananisemesha kwa nguvu ili pepo asirudi. Nimechoka kuliko mwanzo.

Phanuel nilimwambia angoje. Akauliza angoje nini. Wewe nani alikufundisha? Au ulizaliwa hivyo?

Mke mwenzako,
Mideva


Makina, Kibera
Jumapili, 8 Juni 1997

Mideva,

Salamu, na pole kwa maharagwe. Barua yako niliisoma kando ya meza ya omena, nikacheka mpaka wateja wakaniuliza kuna nini. Huku ni wazima. Timothy aliandika kutoka Mombasa, barua fupi kama kawaida yake.

Mama, watu wasalimie. Salamu haimwondolei mtu utulivu. Anayekusalimia mwitikie, mwulize watoto, halafu rudi kwenye kukaa kwako. Ninachokuambia kinakaa ndani, mdomo hauhusiki sana.

Umeuliza nani alinifundisha. Ni wewe.

Nisikufiche. Nicanor alipokuoa alipanga wiki moja kwako na wiki moja kwangu, ukumbuke. Ile wiki yako ndiyo ilikuwa shule yangu. Mwanzoni nilikuwa napiga sufuria kwa kishindo ili nisijisikie. Nilikuwa namtuma Timothy barabarani aangalie kama baba yake anakuja, na mimi najua haji, ni wiki yako. Mtoto anarudi ananiambia hayuko, namwambia rudi uangalie vizuri. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku moja nilipika samaki wake, ngege mkubwa, wiki ambayo si yangu. Nikapakua, nikakaa. Watoto walikuwa wameenda kwa shangazi yao. Chakula kikapoa. Basi nikamla yule samaki peke yangu, taratibu, mpaka kichwa, na nilipokuwa nanawa mikono nikagundua kwamba kwa muda wote ule sikuwa nimesikiliza mlango. Ndani yangu palikuwa pametulia. Sikujua kama mtu anaweza kujipa kitu kama hicho bila kupewa na mwingine.

Baada ya hapo nikaanza kupunguza. Sofaseti nilimpa mchungaji. Kabati la vyombo akachukua jirani, pamoja na vitambaa nilivyofuma mwenyewe. Vyote nilikuwa nimevinunua ili mtu akae vizuri, na huyo mtu alikuwa kwako. Nikabaki na kitanda, jiko, stuli na vyombo vichache. Nicanor aliporudi wiki yake akauliza ni mwizi gani ameingia. Nikamwambia hakuna mwizi, nimepunguza tu. Akakaa kitandani, akala.

Nilikuchukia, Mideva. Halafu nikachoka kukuchukia, na pale penye uchovu ndipo nilipopata nafasi ya kukaa. Sikuandikii haya ili uniombe radhi. Umeuliza, nimejibu.

Adero


Kabiro, Kawangware
Jumapili, 13 Julai 1997

Kwako Dada,

Naomba nikuite hivyo. Natumai u mzima na zile fujo za maandamano ya wiki hii hazikufika mlangoni kwako. Sisi tuko salama.

Nimekawia kwa sababu barua yako niliisoma mara moja nikashindwa kuisoma tena. Khaemba aliniuliza kila Jumatatu kama kuna ya kupeleka, nikawa namkwepa.

Dada, mimi nilifikiri wiki akiwa kwako wewe unacheka. Nilikuwa na picha kabisa: sofaseti, watoto, samaki, na wewe umevaa kitambaa kizuri. Huku kwangu nami nilikuwa nasikiliza mlango. Mtoto sikupata, wa kumtuma barabarani sikuwa naye, nilikuwa naenda mwenyewe mpaka kwenye kona, nanunua kibiriti nisichokihitaji, narudi. Kumbe wiki zote palikuwa na mwanamke mmoja Nairobi anasikiliza mlango, tunapokezana tu. Nililia kwa ajili yangu na kwa ajili yako pia. Hilo la pili lilinishangaza.

Sasa nikuambie cha Jumatatu. Siku ile ya fujo maduka yalifungwa, tukaambiwa wote tukae ndani. Ploti nzima ilinyamaza. Wagaki alizima redio yake kwa woga, ya kwangu haikuwa na betri. Kwa mbali tulisikia milio na watu wakikimbia, halafu hapakuwa na kitu tena. Wote waliogopa kile kimya. Mimi nilikaa kwenye kitanda, mikono mapajani, nikangoja woga wangu wa kila siku, ule wa masikio kuvuma. Haukuja. Niliona mwanga unavyoingia kupitia tundu la bati na kusogea sakafuni. Nilipumua. Nikasikia Wagaki analia upande wa pili wa ukuta, nikamgongea, nikamwambia tu, "Niko hapa." Akanyamaza. Nikaendelea kukaa.

Mara ya kwanza tangu Januari nyumba ilikuwa nyumba yangu.

Phanuel anasema wazee wa ukoo wanataka jibu mwezi wa nane, watakapokuja Nairobi kwa harusi. Najua unasema hutaniuliza. Basi niombee.

Mdogo wako,
Mideva


Makina, Kibera
Jumapili, 20 Julai 1997

Mdogo wangu Mideva,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima na nimefurahi, na wewe unajua mimi si mtu wa kusema nimefurahi. Nimeisoma habari ya mwanga wa bati mara kadhaa. Khaemba sasa akitokea pale pembeni natafuta miwani kabla hajanifikia.

Hukuhitaji kulia kwa ajili yangu. Lakini umeshalia, ahsante.

Kuhusu mwezi wa nane, ninakuombea. La kukufundisha limebaki moja tu, halafu sina jingine. Usimngoje mtu. Mtu akija, mkaribishe, mpe kiti, mpe chai. Akienda, osha kikombe. Ukiweza kuosha kikombe bila kutazama mlango, hakuna atakayekushika kwa upweke wako, si Phanuel wala mwingine.

Uniandikie wazee wakishaondoka. Au kabla, ukipata nafasi.

Dada yako,
Adero


Kabiro, Kawangware
Jumapili, 24 Agosti 1997

Dada yangu mpendwa,

Natumai u mzima. Mimi ni mzima sana.

Sina mengi. Redio nimempa Wagaki, yake ilikuwa imeharibika. Kiti cha Nicanor amechukua Khaemba akitengeneze ampe mwenye shida. Asubuhi nakaa kidogo kabla ya kwenda kufua, na jioni nakaa tena. Mikono yangu nayo imepata adabu, haitafuti kitu cha kushika. Wazee wamekuja na wameondoka.

Ile ya kikombe nimeielewa.

Mungu akubariki kwa yote.

Mideva


Makina, Kibera
Jumapili, 21 Septemba 1997

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi ni mzima, kikohozi tu.

Sijapata barua tangu ile ya Agosti. Labda Khaemba ameipoteza katikati ya mbao zake. Nilimwuliza, akasema hukumpa kitu. Nikamwuliza kama unaumwa, akasema hapana, Mideva yuko poa, tena amenenepa. Nikafurahi kwa hilo la kunenepa.

Ni salamu tu. Usijisumbue.

Dada yako,
Adero


Makina, Kibera
Jumapili, 19 Oktoba 1997

Mdogo wangu Mideva,

Nakusalimu. Natumai u mzima, na ninajua u mzima kwa sababu nimeambiwa.

Jumatano Phanuel alikuja kwangu. Hajawahi kukanyaga hapa tangu mazishi. Alikuja kulalamika, akakaa kitandani kwa kukosa kiti, akanisimulia yaliyotokea mbele ya wazee, maana wewe hukuniambia. Anasema ulimkaribisha vizuri, ukawapa wazee chai, na walipokuuliza ukamjibu yeye kwa upole kabisa, "Phanuel, wewe ni shemeji yangu, mlango wangu uko wazi kwa chai. Kukaa, nakaa mwenyewe." Akangoja ulie. Hukulia. Akaniuliza, "Mmemfanyia nini yule mwanamke? Haogopi hata kidogo." Nikamwambia hatujamfanyia kitu, nikamwongezea chai. Ndani nilikuwa nataka kupiga vigelegele.

Alipoondoka niliosha kikombe chake. Halafu adhana ya alasiri ikaanza na nikakaa mahali pangu. Mideva, sikuweza. Redio zilipunguzwa kama siku zote, majirani wakaenda zao msikitini, na mimi nikawa nasikiliza kila mguu unaopita. Huyu si Khaemba. Huyu naye si Khaemba. Khaemba mwenyewe alipopita alinipungia mkono mtupu. Niliinuka kabla watu hawajarudi kutoka kuswali, kitu ambacho sijafanya kwa miaka.

Nimekuwa hivyo kwa wiki nyingi sasa. Mwanzo nilisema ni kikohozi. Si kikohozi. Ninakungoja wewe. Nilimzoea mume kuwa kwingine, nikawazoea watoto kuwa mbali, nikampeleka Nicanor kaburini na nikarudi nikauza omena. Kumbe barua za mke mwenzangu ndizo zingekuja kunivunja.

Nilikufundisha usimngoje mtu. Nilipokuwa naandika vile sikufikiri kwamba mimi pia ni mtu.

Usinielewe vibaya. Ulichokipata ni chako, na sitaki uwe mpweke tena ili mimi nipate barua. Kama unakaa pale Kabiro, mikono mapajani, na huna haja ya kumwandikia yeyote, basi umefika mahali ambapo mimi nilifikiri nimefika. Nakuonea fahari na ninaumia, vyote kwa pamoja, na nimeona nikuambie badala ya kukaa navyo.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, nataka kuja kwako kwa miguu. Ploti siijui, nitaulizia kwa Khaemba fundi wa vitanda. Sitakuja kuzungumza mengi. Tunaweza kukaa tu.

Lakini ni nyumba yako, na kwa heshima nakuuliza kwanza. Ikiwa hutaki nije, niandikie neno moja umpe Khaemba, nami nitalipokea vizuri kwa sababu litakuwa barua. Usipoandika kitu, nitavaa viatu.

Dada yako,
Adero